Chupa Tupu

...na hii ya kwanza nayo inang'aa, tena bila aibu, buluu ile ile ya wenzake, na haikutakiwa kung'aa hata chembe, maana hii ya kwanza haina kitu ndani, haina jani, haina chuma, ina maji matupu aliyoyamimina yeye mwenyewe dakika mbili zilizopita, maji ya mtambo yasiyo na chumvi wala ladha, na yeye ameketi kwenye stuli nyuma ya pazia jeusi, taa ya urujuanimno ikiwa juu ya safu ya chupa saba zisizozidi urefu wa kidole, na huko nje ya pazia, hatua tatu tu, Profesa anasema karibu, karibu sana, maabara yetu ni ndogo lakini ina baraka zake, na anayekaribishwa ndiye mtahini, aliyetoka chuo kingine, aliyeisoma tasnifu yote kurasa mia mbili na kumi na sasa anataka kuona kwa macho yake kabla hajatia saini, na cha kuona ndicho hiki, chupa saba, ya kwanza tupu na nyeusi, ya pili ina maji ya majani ya mpera inang'aa kama kipande cha anga, na kuanzia ya tatu hadi ya saba zimetiwa chuma, tone, matone mawili, matatu, na mwanga unashuka ngazi kwa ngazi mpaka unazimika, basi, miaka mitano ya maisha yake imesimama kwenye kibao chenye matundu saba, isipokuwa leo ya kwanza imekataa kuwa nyeusi. "Mwalimu!" ni Profesa huyo. "Giza limekumeza?" "Dakika chache tu, Profesa," anajibu, na anaishangaa sauti yake ilivyotoka ya kawaida, sauti ya mtu anayetafuta miwani, na huko nje wanacheka kidogo, Profesa anamweleza mgeni kwamba tunamwita Mwalimu kwa sababu ni mwalimu kweli, miaka kumi na minane ubaoni, kemia, kidato cha kwanza mpaka cha nne, kisha akaja hapa na nywele zake za mvi kukaa benchi moja na watoto wanaoweza kumwita mama, na ndiye mwanafunzi wangu wa mwisho, mwezi wa sita nakabidhi funguo, sasa nilisema nifunge duka na bidhaa nzuri... na yeye huku ndani anaishika ile bidhaa nzuri kwa vidole viwili, anaiinua, anasoma kibandiko, labda amechanganya, mtu huchanganya, lakini kibandiko kinasema sifuri kwa mwandiko wake mwenyewe, sifuri yenye kimkia alichowakataza wanafunzi miaka kumi na minane na hakuwahi kujikataza, anayamwaga yale maji kwenye kopo la takataka, anamimina mengine, anatikisa, anairudisha chini ya taa, buluu, anamwaga tena, sasa haina hata maji, na kioo chenyewe, ukuta wa kioo ulio wazi na mbichi, unang'aa, polepole, kama mtu anayetabasamu akiwa amefumba macho.

Si maji basi, ni chupa, ni kitu kilichoganda kwenye chupa, na kama kimeganda kwenye hii... na hapo ndipo mkono wake unapopita chini ya taa kufuata kizibo, na pindo la mkono wa koti lake jeupe la maabara linawaka, buluu, buluu hiyo hiyo, si ya kufanana, ndiyo yenyewe, chupa na pindo kama mtu na nduguye, na jambo la kuchekesha, kama kuna mtu wa kucheka, ni kwamba pindo hilo limewaka hivyo kila siku tangu alipoanza kuingia kwenye kijumba hiki cha pazia, miezi na miezi, ameliona, amelizoea, siku nyingine amelikunja juu ili lisimsumbue macho wakati akiangalia chupa, alikuwa anakunja jibu ili alione swali vizuri. Nyeupe peke yake haitoshi, alikuwa akisema mama yake, ameinama juu ya beseni uani, mashati ya shule ya watoto watatu yamefuliwa, yamesuuzwa, na bado hayajaisha, mpaka kile kitambaa kilichofungiwa bluu kipitishwe kwenye maji ya mwisho, maji yanageuka rangi ya jioni, shati linazama nyeupe linatoka nyeupe zaidi, nyeupe peke yake ni njano inayojidanganya, mwanangu, ukitaka watu waseme ni nyeupe itie bluu kidogo, na siku hizi hakuna anayefunga bluu kwenye kitambaa, wenye viwanda wameitia ndani ya sabuni ya unga yenyewe, dawa fulani inayoumeza mwanga usioonekana na kuurudisha ukiwa buluu ili jicho lidhani limeona usafi, na hilo analijua, jamani, analijua kuliko wengi, aliliandika ubaoni, kidato cha nne, mada ya sabuni, swali namba sita, kwa nini shati lililofuliwa kwa sabuni ya unga huonekana jeupe kuliko lilivyokuwa jipya, alama tatu, na aliwapa sifuri walioandika kwa sababu uchafu umetoka... mtu anaweza kujua jambo likakaa chumba cha nyuma, na yeye akapokea wageni sebuleni miaka yote. Sabuni ya unga. "Hizo za juu zimekauka, nizipange?" ni sauti ya Mama Povu kule kwenye sinki, na mlio wa vioo vikigongana, na Profesa, "Acha kwanza, mama, tuna mgeni," na Mama Povu, "Mgeni hali chupa, Profesa, na mimi nikizubaa hapa hizi za jana zitanilaani," na mtahini anacheka, kicheko kifupi chenye kikohozi ndani yake, anasikika kuwa mtu mzuri, na yeye huku gizani moyo unamshuka mpaka kwenye soksi.

Maana ni Mama Povu anayeosha, wanafunzi ndio waliompa jina hilo na yeye akalipokea kama alivyopokea ufunguo wa maabara, akasema afadhali povu kuliko majina niliyowahi kuitwa na wifi zangu, mjane, magoti yanamuuma wakati wa baridi, mtu asiyevunja kioo, na siku ile, anaikumbuka sasa kama imepigwa picha, alikuja na mfuko chini ya kwapa, "Mwalimu, ile sabuni yenu ya majimaji imekwisha tangu juma lililopita, nikienda stoo naambiwa subiri, mimi siwezi kuosha vyombo kwa neno subiri, nimeleta yangu ya nyumbani, ile nzuri, itoayo mafuta kwa mara moja," na yeye, Mwalimu mzima, alijibu nini, alijibu ahsante mama, Mungu akuzidishie, wala hakuinua kichwa kwenye daftari, na kuhusu kusuuza, sheria iko ukutani, mara tatu kwa maji ya bomba na mara tatu kwa maji ya mtambo, lakini maji ya bomba yenyewe yanakuja yakijisikia, siku yakija yanakuja kama kamasi, na Mama Povu hana uchawi, anasuuza kwa yaliyopo. Lini hiyo... mwaka jana, kabla ya likizo ndefu, miezi kumi na minne, na hesabu hii anaifanya kwa vidole kama mtoto, miezi kumi na minne kurudi nyuma ni sura ya tatu, yote, na ya nne, na lile jedwali refu la sura ya tano analolipenda Profesa, na kabla ya hapo kuna nini, kuna sura mbili za maneno ya watu wengine. "Mimina, mimina," anasema Profesa, chai, "Mwalimu, na wewe tukuwekee?" "Wekeni," anasema.

Lakini sabuni ingekamatwa, hilo ndilo linalomrudia, sabuni haikuwa na nguvu ya kujificha, kuna mlinzi aliyewekwa mlangoni kwa ajili hiyo hiyo, na mlinzi ndiye huyu, chupa tupu, kila siku kabla ya kazi unapima chupa tupu kwanza, unaandika namba yake juu ya ukurasa, unaitoa kwenye namba nyingine zote, ndiyo ada, ndivyo anavyofundishwa mtu siku ya kwanza kama anavyofundishwa kunawa mikono, na yeye aliipima, naam, mwishoni mwa mwezi wa kwanza mwaka jana, kabla ya sabuni, ikatoa kumi na mbili, namba ndogo nzuri, karibu na giza, na mashine yenyewe ya kupimia mwanga haiko hapa, iko jengo la pili kwa watu wa fizikia, wanaipata saa moja kwa juma, saa moja, na kila dakika ya kupima maji matupu ni dakika umeinyima kazi, basi juma lililofuata aliandika kumi na mbili bila kupima, kama juzi, juma la tatu kumi na mbili, kama juzi, na daftari liko hapa pajani, si lazima alifungue, lakini analifungua chini ya taa na kurasa zenyewe zinawaka buluu, hata karatasi wameitia bluu siku hizi, na juu ya kila ukurasa, kwa mwandiko wake usio na wasiwasi, kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na mbili, mlinzi alikuwa amelala kwa amri ya mwenye nyumba. Na chuma je, anajiuliza, maana mwanga ulikuwa unashuka kweli, chuma kikizidi mwanga unapungua, hilo hakulibuni, na jibu linakuja lenyewe, halina haja ya kubishiwa hodi, maji ya chuma yana rangi ya chai nyepesi, yanaunywa mwanga wa taa kabla haujafika popote, ukiweka chuma mbele ya jani jani litafifia, ukiweka mbele ya sabuni sabuni itafifia, ukiweka mbele ya shati la mama yake nalo lingefifia, kwa hiyo ngazi zote tano zilizopangwa vizuri kwenye mchoro, mstari ulionyooka hadi Profesa akasema huu mstari unaweza kuanikia nguo... akasema hivyo, kweli alisema hivyo, kuanikia nguo.

Na zile picha, anakumbuka, na hapa anasimama kidogo ndani ya kichwa chake, kama mtu aliyefika mlango wa chumba alicholala mgonjwa, zile picha za seli, seli za ngozi alizozinywesha maji ya mpera usiku kucha kisha akaziweka chini ya hadubini, na zikawaka, kila seli duara la mwanga na kiini cheusi katikati kama mbegu ndani ya tunda, siku hiyo alilia, hakumwambia mtu, alijifanya anafuta lenzi, na Profesa akaichapisha picha kubwa akaitundika kwenye ukumbi, wapita njia huuliza ni ramani ya visiwa gani, na dada yake alipokuja kumtembelea alisimama mbele yake na mkoba wake, akainamisha kichwa, akasema haya ndiyo majani ya mpera wangu, akaambiwa ndiyo, akasema haya, lakini mti nao una haki ya kubaki na nguo, ukimaliza majani utahamia matawi, na baadaye mizizi, na mwisho utaniomba kivuli. Seli zilikuwa kwenye sahani za plastiki za kutumika mara moja, hazikuoshwa na mtu, sawa, lakini maji ya mpera yaliyomiminwa humo yalitoka kwenye chupa gani, yalitoka kwenye chupa, na dawa ya sabuni hushika seli kama inavyoshika shati... huenda ni mpera, huenda ni sabuni, huenda ni vyote viwili vimelala kitanda kimoja, hajui, na kutojua huku kuna uzito mwingine kabisa, si kama kutojua kwa mwanzo kulikokuwa kwepesi, wakati ule alipokuwa akikata majani kwa mkasi jikoni kwake, akiyatia na maji kwenye lile bomba zito la chuma linalofungwa kwa spana, akilitia kwenye tanuri kwa muda wa saa nane, na kutoka humo kimiminika cha rangi ya asali kilichojaa chembe za kaboni ndogo kiasi kwamba ukizipanga elfu kumi hazifiki unene wa unywele, na mama yake, alipoelezwa haya yote, kwa subira, kwa mifano, alimaliza kutafuna kisha akauliza, umesoma miaka yote hiyo ili uje uunguze mboga?

"Unajua, mimi nilidhani ni mzaha," anasema mtahini kule nje, sauti yake iko karibu na pazia sasa, kiatu chake kinalia kikikanyaga sakafu, "jani la mpera lipime chuma kwenye maji... nikasema acha nije nione." "Utaona," anasema Profesa, na kuna kitu kwenye sauti yake, kitu cha mzee aliyeshika mtoto wa mtu kwa ajili ya kupigwa picha, na yeye huku ndani anafikiri kwamba Profesa hana ubaya, hakuwahi kumharakisha, hakuwahi kuuliza chupa tupu imesomaje kwa sababu mtu haulizi jirani kama amenawa, imani nayo huwa ni uvivu uliovaa vizuri, wa kwake na wa Profesa, na hata huo mtu hawezi kuuhukumu sana, maisha yote yamesimama juu ya namba ambazo hatukuzipima leo. Na sasa macho yanaenda chini ya meza yenyewe bila kutumwa, kwenye boksi la chupa mpya, zile zilizokuja zimefungwa kwa nailoni, ambazo hazijaguswa na maji wala mkono, na ndani ya boksi imebaki moja. Moja tu inatosha. Anaiona kazi yote kwa mpigo mmoja, kama mtu anavyoiona njia ya mkato kutoka juu ya kilima, chana nailoni, mimina maji ya mtambo, iweke tundu la kwanza, itakuwa nyeusi, nyeusi kwa haki kabisa, na safu itakuwa kama kwenye picha ya ukurasa wa tisini na nne, ambayo ya kwanza yake nayo ilikuwa mpya kutoka boksi hili hili, mtahini ataingia ataona nyeusi na buluu na ngazi tano, atakohoa, atasema ajabu, atatia saini, Profesa atafunga duka lake na bidhaa nzuri, Mama Povu ataendelea kuosha, mama yake atavaa lile gauni alilolishona mwaka wa pili wa masomo haya na ambalo tayari limembana mara moja na kufumuliwa, na yeye ataitwa daktari, na wanafunzi wake wa zamani watasema Mwalimu ametutoa kimasomaso, na baada ya hapo polepole, kimyakimya, akiwa na nafasi, anaweza kurudi kupima tena, kurekebisha, kuandika makala nyingine ya kusema kwamba uchunguzi zaidi umeonyesha... uchunguzi zaidi, neno hilo limeficha maiti wengi. Nailoni tayari imechanika mkononi mwake, wala hakumbuki kuichana.

Na kama akisema, nani ataulizwa, fikiri vizuri, Mwalimu, usiwe shujaa kwa mgongo wa mtu, kuna fomu, idara ina fomu ya hitilafu, na kwenye fomu kuna mstari unaosema aliyehusika, na ofisi haina uso, ina fomu tu, yule kaka aliyekuwa akiosha kabla ya Mama Povu alibandua vibandiko vya watu wawili kwenye maji moto, juma hilo hilo alimwaga unga, na hakuna aliyeuliza nani alinunua vibandiko vya gundi ya maji, sasa wakisikia sabuni, wakisikia sabuni ya nyumbani, wataandika nini kwenye mstari ule, wataandika jina lake kwa sababu ni fupi, na ataondoka na magoti yake na mfuko chini ya kwapa, mtu aliyeleta cha kwake kuziba pengo la stoo... kwa hiyo kunyamaza nako kunaweza kuitwa huruma, anaona jinsi uongo unavyojua kuvaa kanga ya wema, unajitanda vizuri mpaka unaukaribisha kiti. Lakini si kweli kwamba ni sabuni. Hilo linamjia si kwa kishindo, linamjia kama kitu kilichokuwa mezani muda wote, si sabuni, sabuni ilifanya kazi yake, sabuni kuwa sabuni si kosa, maji kukatika si kosa, bibi kuleta mfuko si kosa, kosa lina umbo moja tu na lina mwandiko, ni kumi na mbili, ni kama juzi, angepima siku ile ya kwanza ya sabuni angeona mia mbili, angeona mia tatu, angecheka, angesema mama, hii sabuni yako inawaka kuliko mpera wangu, na Mama Povu angesema basi na mimi nipeni shahada, na ingeishia hapo, mchana mmoja, kichekesho cha kusimulia. Usipoziba ufa, alikuwa akiandika kwenye madaftari ya watoto wavivu, na kuacha vitone vitatu wamalizie wenyewe.

Anaiangalia ile chupa mpya. Imo ndani ya kiganja, nyepesi, na ni moja, na inaweza kuulizwa swali moja. Akiitia maji itasema yale anayotaka yasemwe. Kuna swali jingine, nalo ndilo hasa lililomtia jasho kwenye glavu tangu pindo lilipowaka, na alikuwa akilikwepa kwa kufikiria watu, kwa kumfikiria mama, Profesa, Mama Povu, wote hao aliwaita waje wasimame mbele ya swali ili asilione, nalo ni hili: mpera unang'aa? Ukiondoa sabuni yote, ukiondoa pindo na karatasi na shati na bluu ya mama, lile jani, lenyewe, lina mwanga au halina? Na jibu liko chini ya meza pia, kwenye bomba la chuma, maji ya jana yaliyopoa humo humo, bomba ambalo Mama Povu haligusi kwa sababu yeye mwenyewe alimkataza, akihofia spana zitapotea, hulifuta mwenyewe kwa maji matupu, ni chombo pekee katika nyumba hii ambacho hakijaonja povu. "Mwalimu, chai inapoa," anasema Profesa, "na mgeni wetu ana basi la kuwahi." "Mwache," anasema Mama Povu, "mtu akiwa chumba cha giza ana lake na Mungu wake, mkimharakisha atawatolea nusu." "Sasa wewe mama ndiye msemaji wake?" "Mimi ndiye ninayemwoshea, Profesa. Namjua kwa vyombo vyake, hana chombo kinachonuka." Na yeye anazungusha kifuniko cha bomba kwa spana, kinakaza, kinalegea, harufu ya majani yaliyochemka na kuchoka inapanda, harufu ya uani kwa dada yake mvua ikikatika, anachukua mrija wa plastiki kutoka kwenye pakiti, mpya, anavuta maji ya rangi ya asali, anadondosha matone matano kwenye chupa mpya, hana la kuongeza, hana maji ya kuzimulia asiyoyashuku, anaiweka chini ya taa, pembeni, nje ya kibao, kwa sababu kwenye kibao haina tundu.

Giza. Anasubiri. Jicho limejaa buluu ya zile nyingine, anazifunika kwa kiganja na kwa pindo, kisha anakumbuka pindo, analikunja juu mpaka kwenye kiwiko, anasogeza uso mpaka karibu na kioo, na anangoja jicho lisahau. Kisha... kitu. Si anga, si kipande cha anga, si kitu cha kutundika ukumbini, ni umanjano wenye ukijani, hafifu, kama maji ya kina kifupi yenye mchanga chini, uko, haupo, anahamisha jicho pembeni kidogo kama anavyofanya mtu kutafuta nyota ndogo, uko. Upo. Ni mdogo, na si wa buluu, na hajui kama chuma kitauzima au kitaunywea tu taa yake, na hajui kama seli iliwahi kuumeza, hajui lolote juu yake, miaka mitano na leo ndiyo wanaonana, na kitu kinachomshangaza, huku kiatu cha mtahini kikilia tena karibu na pazia, ni kwamba hana huzuni aliyoitarajia, ana kitu kikavu zaidi, kama siku ya kwanza alipoingia darasani na kugundua hakuna mwalimu mwingine anayekuja, ni yeye, haya, chaki iko wapi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na koleo lenyewe, ule mwanga wa buluu, aliliazima kwa mtu bila kujua. Mwaka mmoja, anahesabu, labda na nusu, na Profesa atakuwa ameshakabidhi funguo, na gauni la mama litafumuliwa tena, na dada atauliza kama mti upumzike au la... aseme la, mti usipumzike bado. Anachukua kalamu. Ukurasa mpya, tarehe ya leo, na juu kabisa, mahali pa ile namba, anaandika chupa tupu: inang'aa. Chini yake kuna nafasi ya sababu, na kalamu inaanza yenyewe herufi ya S, na mkono unasimama, maana neno lililokuwa likija lilikuwa sabuni, na anajua litakavyosomwa ofisini, litasomwa kama jina la mtu, basi anaiacha S pale ilipo kwa sababu inafaa pia kwa neno la kweli, anaandika sikupima, tangu mwezi wa pili mwaka jana, mimi, na anatia saini kabla mtu mwingine hajatia ya kwake.

Kisha anaichukua ile ya kwanza, yenye sifuri ya mkia, anaijaza maji tena, anaifuta nje, anairudisha kwenye tundu lake, na safu imekaa vile vile kama alivyoikuta, chupa saba, sita zinazoonekana sawa na moja inayong'aa isivyotakiwa, taa ile ile, stuli ile ile, chai inapoa huko nje, Mama Povu anagonga vioo, na pembeni, nje ya kibao, ya nane, ambayo mtu akiingia kwa haraka hataiona. Atamwambia mtahini asubiri jicho lisahau.

"Karibuni," anasema. "Profesa, mlete mgeni. Na tuanze na ya kwanza."